Kuibua dhana iliyofichika katika maswali ya mantiki: njia tatu na anayefaa kuitumia kila moja

Mtahiniwa anayejiandaa kwa usaili wa maandishi mjini Kigoma au Tabora, na hali kadhalika yule anayewania nafasi ya masomo nje ya nchi, hukutana mapema na aina moja ya swali inayowasumbua hata waliozoea kufaulu. Hupewa hoja fupi ya sentensi mbili au tatu, kisha huulizwa ni jambo gani ambalo mtoa hoja amelichukulia kuwa kweli bila kulitamka. Swali kama hilo halipimi kumbukumbu wala hesabu; linapima uwezo wa kuona kilichorukwa kati ya sababu na hitimisho. Njia tatu hutumika sana kwa kazi hiyo, yaani kuziba pengo, kukanusha, na kutambua aina ya hoja, na katika vikundi vya kujisomea kila njia huwa na mashabiki wake ambao hawataki kusikia habari za nyingine. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya msomaji aliyekwama katikati ya mashabiki hao.

Vigezo

Njia zote tatu zitapimwa kwa mambo yaleyale: aina ya swali linaloifaa, muda inaoutumia, uhakika inaoutoa, ugumu wa kuizoea, na mahali inapompotosha anayeitumia. Muda si jambo dogo. GMAT ya sasa, ambayo ni mtihani wa kuomba nafasi katika vyuo vya biashara, inatoa dakika 45 kwa maswali 23 ya sehemu ya lugha, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa swali, na si yote yanayohusu hoja. LSAT, ambao ni mtihani wa kuomba nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani, unatoa dakika 35 kwa sehemu ya hoja yenye maswali yapatayo 25. Tangu Agosti 2024 mtihani huo umeondoa sehemu ya michezo ya mantiki na kuweka badala yake sehemu ya pili ya hoja, kwa hiyo anayejiandaa leo atakutana na maswali ya dhana mara nyingi zaidi kuliko waliomtangulia.

Nimeacha nje kigezo kimoja ambacho wengi hukipenda, nacho ni urahisi wa kuielewa njia inapoelezwa ubaoni. Njia zote tatu huonekana rahisi ubaoni.

Kabla ya njia, aina ya swali

Watahiniwa wengi huchagua njia kabla ya kusoma swali linataka nini, na kwa maoni yangu hapo ndipo alama nyingi hupotea. Maswali ya dhana yamegawanyika angalau katika makundi matatu.

Kundi la kwanza huuliza dhana ya lazima: hoja inategemea nini, au inahitaji nini ili isimame. Jibu sahihi ni lile ambalo likiondolewa hoja inaporomoka, hata kama peke yake halitoshi kulithibitisha hitimisho. Kundi la pili huuliza dhana ya kutosheleza: ni sentensi ipi ambayo, ikichukuliwa kuwa kweli na kuongezwa kwenye sababu zilizotolewa, italifanya hitimisho lifuate bila shaka yoyote. Hapa jibu sahihi linaweza kuwa pana kupita mahitaji, na upana huo si kosa.

Kundi la tatu ni la kipimo cha Watson-Glaser, ambacho kampuni nyingi za sheria za Uingereza hukitumia kuchuja waombaji. Sehemu yake ya dhana haimpi mtahiniwa majibu manne au matano ya kuchagua. Humpa kauli moja na dhana zinazopendekezwa, naye huamua kwa kila moja kama imechukuliwa au haikuchukuliwa. Tuseme mtu aliyeko Tabora anasema: “Tupande treni ya Kigoma kesho ili tuwahi harusi ya Jumamosi.” Kwamba kesho kuna treni ya kwenda Kigoma, hilo limechukuliwa. Kwamba treni itafika kwa wakati, nalo limechukuliwa. Kwamba nauli ya treni ni nafuu kuliko ya basi halikuchukuliwa, hata kama ni kweli, kwa sababu msemaji hakulihitaji ili kauli yake iwe na maana.

Hoja moja kwa njia zote

Ili ulinganisho uwe wa haki, hoja moja itapitishwa katika njia zote tatu. Nimeitunga mwenyewe, ingawa mambo yaliyomo ni ya kawaida kwa anayeujua uvuvi wa usiku wa Ziwa Tanganyika:

“Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wameacha karabai na kuanza kutumia taa za nishati ya jua. Karabai hutumia mafuta ya taa, lakini taa za jua hazitumii mafuta. Kwa hiyo gharama za uvuvi za wavuvi hao zitapungua.”

Majibu yanayopendekezwa ni haya:

(a) Taa za jua huvutia dagaa wengi zaidi kuliko karabai.
(b) Gharama ya kununua na kutunza taa za jua haitameza fedha yote inayookolewa kwa kutonunua mafuta ya taa.
(c) Wavuvi wote wa Ziwa Tanganyika wataacha karabai.
(d) Kila mvuvi anayeacha taa inayotumia mafuta na kuchukua isiyotumia mafuta, gharama zake za uvuvi hupungua.

Njia ya kwanza: kuziba pengo

Anayetumia njia hii hayatazami majibu mwanzoni. Hutenga hitimisho, hutenga sababu, kisha hutafuta neno au wazo lililojitokeza kwenye hitimisho ilhali halikuwamo kwenye sababu. Katika hoja yetu, sababu zinazungumzia mafuta ya taa peke yake, lakini hitimisho linazungumzia gharama za uvuvi kwa jumla. Hoja ya namna hii ni sawa na barabara ya kutoka Kaliua kwenda Uvinza iliyokosa daraja la Malagarasi: kingo zote mbili zinaonekana wazi, na kazi ya msomaji ni kusema ni daraja la namna gani litakaloziunganisha. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alikipa kiungo cha aina hii nafasi yake maalumu katika maelezo yake ya hoja ya mwaka 1958, akikitenga na ushahidi kwa upande mmoja na dai kwa upande mwingine, na njia hii kwa kweli ni matumizi ya mtihani ya wazo hilohilo.

Swali linaloifaa zaidi ni la dhana ya kutosheleza. Pengo kati ya “kutotumia mafuta” na “gharama kupungua” linazibwa moja kwa moja na jibu la (d), na likishazibwa hakuna namna hitimisho litakavyokwepa kufuata. Kwa upande wa muda, ni ya haraka kwa aliyeizoea, kwa kuwa anafika kwenye majibu akiwa tayari anajua anachokitafuta, na majibu yasiyogusa pengo, kama (a) na (c), huyaruka kwa kutupa jicho tu. Kuizoea nako si kazi kubwa. Mtu anaweza kujizoeza kwa taarifa yoyote ya gazeti yenye dai na sababu.

Uhakika wake ndio wenye mashaka. Swali likiwa la dhana ya lazima, mtu aliyeshika njia hii peke yake atalipenda jibu la (d) kwa sababu linaziba pengo lote, kumbe hoja haihitaji ukweli mkubwa kiasi hicho. Wavuvi wa Kibirizi wanaweza kupunguza gharama zao hata kama kwingineko yuko mvuvi mmoja ambaye kubadili taa kulimwongezea gharama. Njia hii pia haisaidii sana pale ambapo sababu na hitimisho vinatumia maneno yaleyale, kwa maana hakuna neno geni la kukamata.

Inamfaa msomaji makini anayependa kuielewa hoja kabla ya kushindana na majibu, na hasa anayejiandaa kwa LSAT, ambako maswali ya kutosheleza ni ya kawaida.

Njia ya pili: kukanusha

Njia hii huanzia upande wa pili. Mtahiniwa huchukua jibu moja, hulikanusha, kisha huirudisha kanusho hiyo kwenye hoja na kuuliza kama hitimisho bado linasimama. Likianguka, jibu hilo lilikuwa nguzo, likibaki, halikuwa. Tukikanusha (b) tunapata kwamba gharama ya taa za jua itameza fedha yote inayookolewa kwenye mafuta, na hapo hatuna tena sababu ya kutazamia kupungua kwa gharama. Tukikanusha (a), dagaa hawavutiwi zaidi na taa za jua, lakini suala la gharama liko palepale. Tukikanusha (c), kuna wavuvi fulani wa ziwani watakaobaki na karabai, jambo lisilowagusa wa Kibirizi. Tukikanusha (d), yupo mvuvi mahali fulani ambaye gharama zake hazikupungua, na hoja yetu inaendelea kupumua. Kwa swali la dhana ya lazima, (b) ndilo jibu.

Hakuna njia inayoishinda hii kwa uhakika katika maswali ya lazima, na katika kipimo cha Watson-Glaser inafanya kazi vizuri kwa sababu kila dhana huamuliwa peke yake. Rudi kwenye kauli ya treni: sema kesho hakuna treni ya kwenda Kigoma, na kauli inapoteza maana, sema treni si nafuu kuliko basi, na msemaji bado anaweza kuipanda.

Udhaifu wake wa kwanza ni muda. Kukanusha majibu manne au matano, moja baada ya jingine, kunaweza kumaliza dakika zote alizotengewa mtahiniwa kwa swali hilo, kwa hiyo wenye uzoefu huitunza kwa ajili ya majibu mawili yaliyobaki baada ya mengine kutupwa. Udhaifu wa pili ni kwamba kwa swali la kutosheleza njia hii hugeuka mtego: ingelitupa (d), ambalo ndilo jibu sahihi la swali hilo, na kulishikilia (b), ambalo halitoshelezi, kwani hata kama taa zenyewe ni nafuu kuliko mafuta, gharama nyingine za uvuvi, kama vile nyavu na injini, zinaweza kupanda na kulifuta punguzo.

Udhaifu wa tatu unahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa ndio unaowaangusha wengi na ndio usiozungumzwa vya kutosha. Kukanusha vizuri ni ujuzi wenyewe. Kauli “wavuvi wote wana leseni” haikanushwi kwa kusema hakuna mvuvi mwenye leseni. Inakanushwa kwa kusema si wote wenye leseni, na mvuvi mmoja asiye nayo anatosha. Kauli “baadhi ya wavuvi wana leseni” ndiyo inayokanushwa kwa “hakuna hata mmoja”. Kauli “mvua ikinyesha, bei hupanda” haikanushwi kwa “mvua ikinyesha, bei hushuka”, bali kwa kusema mvua inaweza kunyesha bila bei kupanda. Mtu anayekanusha kwa kuruka hadi kinyume cha mwisho hupata kanusho kali kupita kiasi, na kanusho kali huangusha hoja nyingi zisizostahili kuanguka, kwa hiyo majibu mabaya huanza kuonekana mazuri. Katika mfano wetu, aliyelikanusha jibu la (d) kwa kusema “hakuna mvuvi ambaye gharama zake hupungua” angeona hoja ikiporomoka na angelichagua kwa moyo mmoja.

Hatari hiyo huongezeka kwa mtahiniwa anayesoma swali kwa Kiingereza huku akilipima kwa Kiswahili, kwa kuwa sentensi kama “wavuvi wote hawana leseni” husomwa na mmoja kuwa hakuna mwenye leseni, na mwingine kuwa wapo wachache wenye nayo. Kinga nyepesi ni kutobadili maneno ya ndani ya sentensi hata kidogo, bali kuitanguliza kwa “si kweli kwamba”, kisha kujiuliza ni hali ndogo kabisa ipi ingeifanya kauli hiyo kuwa si kweli.

Inamfaa mtu mtulivu, anayestahimili kazi ya kurudiarudia, ambaye mtihani wake una maswali mengi ya lazima. Haimfai anayesoma polepole na ambaye hajajifunza kuyapunguza majibu kwanza.

Njia ya tatu: kutambua aina ya hoja

Mtumiaji wa njia hii amejifunza kwamba hoja za mitihani hujirudia katika maumbo machache, na kwamba kila umbo lina dhana yake ya kawaida. Hoja ya chanzo na matokeo huchukulia kwamba hakuna chanzo kingine. Hoja ya sampuli huchukulia kwamba waliohojiwa wanawawakilisha wasiohojiwa: anayewauliza watu waliomo stesheni ya Tabora kama wanapenda treni kuliko basi, kisha akatangaza maoni ya wakazi wote wa mkoa, ameruka jambo lililo dhahiri. Hoja ya mlinganisho huchukulia kwamba vitu viwili vinafanana katika jambo lenye uzito, kama pale mtu anapodai kwamba mizinga ya nyuki iliyofaa Sikonge itafaa vilevile Kasulu. Hoja ya mpango huchukulia kwamba mpango unatekelezeka na hauzai gharama au madhara yanayofuta faida yake.

Hoja ya chanzo inastahili mfano mrefu kidogo, kwa sababu inaonekana sana. Serikali ilisitisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sasa chukulia mtu anadai kwamba, kwa kuwa dagaa walipatikana kwa wingi baada ya ziwa kufunguliwa, kufungwa huko ndiko kulikowaongeza. Dai hilo linaweza kuwa kweli. Lakini linategemea dhana kwamba wingi huo haukuletwa na jambo jingine, mathalani majira ya mwaka, au usiku wa giza ambao wavuvi wa taa hupata zaidi kuliko usiku wa mbalamwezi. Aliyeizoea njia hii anaiona dhana hiyo mara tu anapomaliza kusoma, bila kutafuta neno geni wala kukanusha chochote.

Kwa kasi, basi, ni ya kwanza kati ya zote. Hoja ya taa za jua ni ya mpango: wamebadili kifaa, kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama mabadiliko yenyewe yana gharama zake, na jibu la (b) linajitokeza lenyewe. Kwa uhakika iko katikati, kwa maana inabashiri eneo la jibu lakini haithibitishi kwamba maneno ya jibu lililoandikwa ndiyo yanayotakiwa. Majibu mawili yanaweza kugusa eneo lilelile, moja likiwa na kipimo sahihi na jingine likizidisha. Inatumika katika maswali ya lazima na, kwa kiasi kidogo, katika ya kutosheleza. Katika kauli fupi za Watson-Glaser, ambazo mara nyingi hazina umbo kamili la hoja, msaada wake ni mdogo.

Kuizoea kunachukua muda mrefu kuliko njia nyingine, kwa sababu jicho linapaswa kuona hoja nyingi kabla maumbo hayajaanza kujitambulisha. Upotoshaji wake mkubwa ni kubandika jina lisilo lake: anayedhani kila hoja yenye “baada ya” ni ya chanzo ataikosea hoja iliyokuwa inasimulia mfuatano wa mambo tu.

Inamfaa mwenye miezi ya maandalizi mbele yake na benki kubwa ya maswali ya zamani. Inamfaa pia mtu ambaye kazi yake imemzoesha kupima madai, kama vile mwalimu, mwandishi wa habari au mkaguzi wa hesabu.

Na wale wanaochuja kwa macho?

Wapo wanaosema hawana njia, wao huondoa tu majibu yenye maneno makali kama “wote”, “pekee” na “kamwe”. Kwa swali la lazima uchujaji huo husaidia mara nyingi, kwa kuwa hoja ni nadra kuhitaji jambo kali. Kwa swali la kutosheleza humwondolea mtu jibu sahihi, kama (d) lenye “kila mvuvi” linavyoonyesha. Hiyo ni hatua ya maandalizi tu, na siioni kuwa na hadhi ya njia ya nne.

Kwa hali yako

Mtihani wako ukiwa GMAT, ambako maswali ya dhana kwa kawaida huuliza kile hoja inachokitegemea, anza na aina ya hoja ili ujue eneo la jibu, kisha kanusha majibu mawili yaliyobaki. Ukiwa LSAT, soma swali kabla ya hoja. Neno la kutegemea au kuhitaji likuelekeze kwenye kukanusha, na sharti la “ikichukuliwa kuwa kweli” likuelekeze kwenye kuziba pengo. Kwa Watson-Glaser kukanusha kunatosha kwa sehemu kubwa, mradi ujizuie kuleta unachokijua kuhusu jambo linalozungumzwa.

Aliyebakiza siku chache kabla ya usaili asianze kujifunza maumbo ya hoja. Ajizoeze kuziba pengo, ambako huleta faida mapema, na aongeze ukanushaji wa majibu mawili ya mwisho tu. Aliyebakiza miezi afanye kinyume chake: aanze na maumbo polepole, akijiandikia daftarini hoja na jina la umbo lake, na aache mbinu za kasi kwa wiki za mwisho. Asomaye Kiingereza kwa shida atafaidika zaidi na kuziba pengo, kwa kuwa anaielewa hoja mara moja badala ya kuzigeuza sentensi tano za majibu, ambazo kila moja ni nafasi mpya ya kuteleza.

Aliye na kawaida ya kubaki na majibu mawili na kuchagua lisilo sahihi ana tatizo la ukanushaji, wala si la uelewa, na dawa yake ni mazoezi ya “si kweli kwamba” kwa sentensi zenye “wote”, “baadhi” na “kama”. Aliye na kawaida ya kumaliza muda akiwa na maswali yaliyobaki apunguze ukanushaji kabla ya kupunguza kitu kingine chochote. Kwa anayeongoza kikundi, majibu ya (b) na (d) ya hoja ya taa yanafaa kuwekwa mbele ya wanakikundi pamoja, kwanza chini ya swali la lazima, kisha chini ya swali la kutosheleza, na kila mmoja aeleze kwa maneno yake kwa nini jibu limebadilika ilhali hoja haikuguswa.